Macho Nje: Mwongozo wa Kuepuka Kugongana Angani kwa Marubani Wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana angani na Dash 8 ya abiria iliyokuwa imetoka kuruka Uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Diani. Watu 44 waliokuwa ndani ya Dash 8 walirudi salama. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna, mwanafunzi na mwalimu wake, walipoteza maisha, na mabaki ya ndege yao yakaangukia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.

Jioni ile mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, Nairobi ndege zimejaa kama daladala. Huku Iringa na Mbeya tunaweza kuruka saa nzima bila kuona hata moja. Kuna haja gani ya kuogopa?"

Swali lile ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, kwa sababu najua wengi wanalo moyoni hata wasipolitamka. Tazama ramani. Kutoka kiwanja cha ndege cha Nduli, Iringa, hadi kile cha Songwe, Mbeya, ni kama kilomita 300. Kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800, yaani zaidi ya futi 9,200. Rungwe inakaribia mita 2,960. Uwanda wa Kitulo wenyewe, mahali pa maua na viazi, uko kwenye mita 2,600 hivi. Huko ndiko sakafu iliko. Dari nayo haiko mbali: ukipita futi 10,000 kwa zaidi ya nusu saa unatakiwa uwe na oksijeni, na injini ndogo inakuwa imeshaanza kukosa pumzi. Kati ya sakafu na dari hiyo vinabaki vimo viwili au vitatu vya kusafiria. Kisha kila rubani anafuata barabara kuu ya Tanzam au reli ya TAZARA, maana ndizo alama zinazoonekana vizuri kutoka juu. Kwa hiyo anga letu ni ushoroba mwembamba, na ndege chache zilizopo zote zinapita humo humo.

Hatua ya 1: Panga kimo na njia kabla hujagusa ndege

Kanuni ya kimataifa kwa wanaoruka kwa kuona nje ni hii: mwelekeo wako ukiwa kati ya nyuzi 000 na 179 za dira, safiri kwenye maelfu yasiyogawanyika kwa mbili, ongeza 500. Ukiwa kati ya 180 na 359, tumia maelfu yanayogawanyika kwa mbili, ongeza 500. Kutoka Iringa kwenda Songwe unaelekea kama nyuzi 245, kwa hiyo vimo vyako ni futi 8,500 au 10,500. Anayekuja kutoka Songwe atakuwa 9,500 au 11,500.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo milima inapotudanganya. Kanuni hiyo inambana rubani akiwa zaidi ya futi 3,000 juu ya ardhi. Mafinga iko karibu mita 1,900, sawa na futi 6,200. Ukipita juu ya Mafinga kwa futi 8,500 uko futi 2,300 tu juu ya ardhi. Mwenzako anayekuja kinyume anaweza kuwa kwenye kimo hicho hicho bila kuvunja kanuni yoyote. Pwani, kwenye futi 8,500 ungekuwa ndani ya kanuni kwa raha zako. Huku kimo ulichokipanga vizuri kinaweza kuwa hakikulindi hata kidogo, na macho ndiyo yanayobaki.

Weka mgandamizo sahihi wa hewa kwenye kipima kimo, na uuhakikishe tena kila unapopata kituo kipya redioni. Kosa la hektopaskali 10 (kipimo cha mgandamizo huo) ni karibu futi 300. Ndege inayoruka kwa vipimo, yaani kwa kusoma vyombo vya ndani badala ya kuona nje, ikiwa kwenye futi 9,000 na wewe ukiwa 8,500, mmeachana futi 500 tu. Kosa lako limekula zaidi ya nusu ya nafasi hiyo.

Kuhusu njia: GPS imetuletea baraka na tatizo jipya. Zamani kila mtu alikuwa akipotoka kidogo kushoto au kulia, na kupotoka kule kulitutenganisha. Siku hizi wawili wanaotoka ncha mbili za njia moja wanakutana juu ya mstari ule ule, mita kwa mita. Kwa hiyo sogea kulia kwa kilomita moja au mbili. Ukifuata barabara, iache iwe kushoto kwako. Wewe unayekaa kiti cha kushoto utaiona vizuri, na anayekuja akifanya hivyo hivyo mtapishana mkiwa na nafasi.

Hatua ya 2: Iandae ndege ionekane, na wewe uone

Futa vioo. Vumbi jekundu la viwanja vyetu na wadudu waliokauka hufanya madoa yenye ukubwa ule ule wa ndege iliyo mbali. Tumia maji na kitambaa laini kisafi, kwani kitambaa kikavu hukwaruza plastiki ya kioo, na mkwaruzo ukipigwa na jua unaziba kabisa. Rekebisha kiti uone juu ya dashibodi. Ondoa karatasi zilizopangwa kwenye kioo.

Washa taa za kumweka na taa ya kutua hata mchana. Washa transponda, kifaa kinachojibu kwa redio kinapoulizwa ndege iko wapi, tena kwa namna inayotoa kimo. Ndege kubwa zinazokuja Songwe zina TCAS, mfumo wa kuonya dhidi ya kugongana, unaoiuliza transponda yako iko wapi. Ukiizima, kwao wewe haupo. Ukiiwasha bila kimo, mfumo huo unaweza kuwaonyesha kwamba kuna kitu karibu lakini hauwezi kuwaelekeza wapande au washuke ili kukukwepa. Na kama una tableti inayoonyesha ndege nyingine, kumbuka inaonyesha zile zinazojitangaza tu.

Hatua ya 3: Fundisha macho yako kazi

Watu hudhani kutazama ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Rubani hufundishwa kutazama kama anavyofundishwa kutua.

Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno, nyuzi moja au mbili hivi. Ukizungusha kichwa kutoka kushoto hadi kulia bila kusimama, huoni kitu, kwa sababu jicho likiwa mwendoni ubongo hulizima. Ndiyo maana tunagawa anga vipande. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni karibu nyuzi 10. Tazama kipande cha ngumi moja, tulia angalau sekunde moja, hamia kingine. Nenda hivyo kutoka ubavu wa kushoto hadi wa kulia, ukipanda na kushuka kidogo juu na chini ya upeo. Kisha rudi ndani, soma vipimo kwa sekunde tatu au nne, toka tena. Mwanafunzi mpya hufanya kinyume: macho yake yako ndani muda mrefu, nje anachungulia. Mimi humfunika dashibodi kwa karatasi katika masomo ya mwanzo, na ndani ya nusu saa anagundua kwamba ndege inaendeshwa kwa upeo na sauti ya injini.

Kwa nini haraka hiyo? Wataalamu wa usalama wa anga Marekani wamekadiria kwamba tangu jicho lione kitu hadi ndege igeuke kweli hupita sekunde 12.5. Muda mwingi wa hizo hauendi kwenye mikono. Unaenda kwenye kutambua kwamba mtagongana, kama sekunde 5, na kuamua la kufanya, sekunde 4. Sasa chukua Cessna 172 mbili zinazoelekeana, kila moja kilomita 200 kwa saa. Zinakaribiana mita 111 kila sekunde. Kwa sekunde 12.5 zimekula kilomita 1.4. Katika umbali huo, mabawa yake ya mita 11 yanaonekana kama robo ya upana wa kidole gumba chako ukinyoosha mkono. Kiwiliwili chake ni nukta. Hapo ndipo unapaswa uwe umeshaiona. Ikiwa anayekuja ni Dash 8 kwa kilomita 400 kwa saa, umbali huo unapita kilomita 2.

Na huku juu mambo ni mabaya zaidi kuliko namba hizo. Hewa nyepesi hufanya mwendo halisi uzidi ule unaosomeka kwenye kipimo, karibu asilimia 2 kwa kila futi 1,000. Kwenye futi 9,500 unakimbia kama asilimia 19 zaidi ya unavyosoma, na duara la kugeuka kwa ulalo ule ule, yaani mwinamo ule ule wa mabawa, linapanuka karibu asilimia 40. Aliyezoea kukwepa akiwa pwani atashangaa ndege inavyochelewa kuzunguka akiwa juu ya Igawa.

Jambo moja nalirudia kila somo: ndege itakayokugonga haisogei kwenye kioo. Ile inayotambaa kutoka kushoto kwenda kulia itapita mbele au nyuma yako. Ile iliyoganda mahali pamoja, ikikua polepole, kisha ghafla ikajaa kioo kizima, ndiyo yenyewe. Na kwa kuwa imeganda, ikianzia nyuma ya nguzo ya kioo itabaki nyuma ya nguzo hadi mwisho. Kwa hiyo usitegemee kuzungusha shingo tu. Inama mbele, egemea pembeni, uione sehemu ambayo nguzo imeificha.

Anga likiwa tupu, bila wingu wala mlima, jicho hukosa pa kushika na hulegea likaona vizuri mita chache tu mbele yake. Huku kwetu tumejaliwa dawa yake. Kabla ya kuanza kupekua anga, kaza macho kwenye kilele cha Rungwe au ukingo wa Kipengere, kisha endelea.

Lakini milima hiyo hiyo ina mtego. Tunafundishwa kwamba ndege ikionekana juu ya upeo iko juu yako, ikiwa chini ya upeo iko chini. Upeo unaozungumzwa ni ule wa kweli. Ukiwa futi 8,500 karibu na Mbeya, ukingo wa mlima umesimama juu kuliko upeo wa kweli. Ndege unayoiona mbele ya ukuta wa mlima ukadhani iko chini yako inaweza kuwa kimo chako, au juu yako. Tena ndege nyeupe mbele ya mwamba na misitu hupotea kama sindano kwenye majani. Agosti hadi Oktoba, wakati mashamba yanachomwa na moshi unalala juu ya Usangu, hesabu kwamba utaiona ikiwa imekaribia mara mbili ya kawaida, na kama huwezi kuona milima unayoijua, usiende.

Hatua ya 4: Kubalianeni lugha ya ndani ya ndege

Hili sijaliona likiandikwa mahali, na liliwahi kunitoa jasho. Redioni tunaongea Kiingereza, na nafasi ya ndege nyingine hutajwa kwa uso wa saa: kumi na mbili ni mbele, tatu ni kulia, tisa ni kushoto. Ndani ya ndege, mwalimu na mwanafunzi wakiwa wote Waswahili, hofu ikija ulimi hurudi nyumbani. Siku moja tukiwa juu ya Chimala mwanafunzi wangu akapaza sauti: "Mwalimu, ndege! Saa tatu!" Nikageuka kulia. Hakuna kitu. Nikaendelea kutafuta kulia, naye anarudia, "Saa tatu, saa tatu!" Yeye alikuwa ameona ndege kushoto. Alifikiria mshale ukiwa kwenye tisa, na mshale ukiwa kwenye tisa, Mswahili yeyote atakuambia ni saa tatu.

Ilipita mbali, namshukuru Mungu. Tangu siku ile, kabla ya kuwasha injini, nakubaliana na kila mwanafunzi: tukiongea Kiswahili hatutaji saa kabisa. Tunasema "kulia", "kushoto", "mbele kulia", "mbele kushoto", "nyuma", tukiongeza "juu", "sawa nasi" au "chini". Kisha kidole kinaelekeza. Mwenzako anajibu "naiona" au "siioni". Neno "sawa" peke yake tumelipiga marufuku, kwa kuwa halisemi kama ameiona.

Na mwanafunzi asimwonee haya mwalimu. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa anapoongea, na ni malezi mema. Lakini ukiona ndege, nikatize. Nitakushukuru tukiwa chini.

Hatua ya 5: Kabla ya kila zoezi, safisha anga

Kabla ya zoezi la stoli (bawa kupoteza nguvu ya kuinua ndege), kugeuka kwa ulalo mkali, au injini kuzimika, geuka nyuzi 90 upande mmoja, kisha 90 upande wa pili, ukitazama juu, chini na nyuma ya bawa. Cessna ina bawa juu, na ukigeuka bawa hilo huziba kule kule unakokwenda. Kwa hiyo kabla ya kugeuka inua kwanza bawa la upande huo, chungulia, ndipo ugeuke. Unapopanda kwa muda mrefu pua imefunika mbele. Ishushe kila baada ya futi 500 hivi, au yumbisha ndege kidogo kushoto na kulia.

Mwanafunzi akivaa kofia ya kuziba macho kwa mafunzo ya vipimo, ndege imebaki na jozi moja ya macho. Siku hiyo mwalimu hafundishi mambo mengine. Anatazama nje.

Hatua ya 6: Mzunguko wa uwanja, mahali pa hatari kuliko pote

Migongano mingi ya ndege ndogo hutokea mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, karibu na uwanja, na mara nyingi kwenye mguu wa mwisho wa kutua, yaani kipande cha mwisho cha mzunguko ambao ndege huufuata kandokando ya uwanja kabla ya kutua. Aghalabu mmoja humjia mwenzake kutoka nyuma, wote wakielekea mahali pamoja. Ni jambo la kawaida la binadamu: wanaokwenda sokoni Mwanjelwa hawagongani njiani, wanagongana mlangoni.

Songwe kuna mnara, na waongoza ndege watakupa nafasi yako. Tii, lakini usiwaachie macho yako. Njia ya kurukia pale imelala mashariki na magharibi, kwa hiyo asubuhi ukitua kuelekea mashariki, na jioni ukitua kuelekea magharibi, jua linakupiga usoni. Anayeruka mbele yako humwoni. Sikiliza redio kwa makini maradufu saa hizo.

Kwenye viwanja vidogo visivyo na mnara, kama vile vya hifadhini Ruaha, fanya hivi. Anza kujitangaza ukiwa kilomita 18 hivi, kisha 9, kisha juu ya uwanja, kisha kila mguu wa mzunguko. Taja jina la uwanja mwanzoni na mwishoni, kwani viwanja kadhaa hushirikiana masafa, na anayewasha redio katikati ya sentensi atalipata jina mwishoni. Taja aina ya ndege, uko wapi, kimo, unataka nini. Usiseme tu "niko juu ya Ilula". Rubani aliyetoka mbali haijui Ilula. Mwambie umbali na upande: uko kilomita ngapi, upande upi wa uwanja.

Madereva wa malori kwenye kona za Kitonga hupiga honi hata wasipomwona mtu, na hasa wasipomwona. Tangazo la redio ni honi hiyo. Ukimya wa masafa hauna maana kwamba uko peke yako: mwenzako anaweza kuwa na redio mbovu, au amesahau kubadilisha masafa.

Ingia juu ya uwanja kwa futi 2,000 juu ya ardhi, tazama soksi ya upepo, shuka upande usio na mzunguko, kisha ujiunge kwa futi 1,000 ukigeukia kushoto, isipokuwa uwanja una utaratibu tofauti uliochapishwa. Hifadhini rubani huweza kupita chini sana kufukuza twiga kwenye njia, kisha akapanda tena ghafla. Ukifanya hivyo, litangaze kabla. Ukimsikia mwenzako akilifanya, kaa mbali na njia hadi ujue alikoelekea.

Hesabu ndege. Redioni nimesikia tatu, macho yameona mbili. Basi sigeuki kuingia mguu wa mwisho hadi ya tatu ipatikane. Kabla ya kugeuka, tazama nje kwenye mstari mzima wa kutulia, mbali na karibu, juu na chini. Ajali ya namna moja hujirudia duniani kote: ndege yenye bawa chini, kama Piper Cherokee, inashuka juu ya Cessna yenye bawa juu. Wa juu haoni chini, wa chini haoni juu, mwendo mmoja, mstari mmoja. Ukiwa na shaka, acha kutua, ongeza nguvu, panda ukisogea kulia kwa njia ili uione yote kushoto kwako, na ujitangaze. Usione aibu kuzunguka tena.

Hatua ya 7: Ukiiona, ufanye nini

Mkielekeana uso kwa uso, kila mmoja ageukie kulia. Mkikutana kwa njia zinazokatana, aliye na mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Anayempita mwenzake kutoka nyuma humpita kwa kulia na ndiye mwenye wajibu wa kujiepusha. Anayetua ana haki, na kati ya wawili wanaotua, wa chini ana haki, ila asiitumie kujichomeka mbele ya mwenziwe. Hizo ni kanuni. Ukiona mwenye wajibu hasogei, sogea wewe.

Usigeuke kwa namna ambayo bawa litamfunika mwenzako ukampoteza machoni. Tarehe 25 Septemba 1978, San Diego, Marekani, Boeing 727 iliigonga Cessna 172 ambayo rubani wake alikuwa akifanya mazoezi ya kutua kwa vipimo. Watu 144 walikufa. Marubani wa Boeing walikuwa wameambiwa kuhusu Cessna, waliiona, kisha wakaipoteza, na mnara haukupata kuelewa wazi kwamba wameipoteza. Kwa hiyo ukiambiwa kuna ndege na huioni, sema huioni. Ukiiona kisha ikatoweka, sema hapo hapo kwamba imetoweka, na uombe maelekezo.

Mkikoseana kwa kidogo, tulia, rusha ndege kwanza. Ukishatua andika ulichokiona kabla ya chai: saa, mahali, kimo, mwelekeo, aina na rangi ya ndege, taa zake, umbali mliopishana. Mpelekee mwalimu mkuu wa chuo na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kisha keti na mwanafunzi wako, mchukue kwenye ndege iliyozimwa, akae kiti chake, akuonyeshe kwa kidole ilipotokea kwenye kioo, na nguzo ipi ilikuwa imeificha.